Fungu la meza linavyomaliza mtaji wa mchezaji mdogo

WAHENGA walisema haba na haba hujaza kibaba. Swali la kujiuliza ni hili: kibaba cha nani?

Nauliza hivyo kwa sababu ya jirani yangu hapa Buyenzi, Bujumbura, mrejeaji kama mimi, anayeishi kwa biashara ya vitenge vya Kigoma. Kila wiki hucheza karata za fedha, ule mchezo wa poka. "Mwalimu," aliniambia, "mimi sishindani na kasino. Nacheza na watu wenzangu. Leo kwangu, kesho kwake. Fedha zinazunguka tu."

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Ni kweli kwamba katika poka mwenye nyumba hashindani na wachezaji, tofauti na ruleti au mashine za kamari. Wachezaji wanagombea kapu, yaani dau zote zilizowekwa katikati ya meza. Lakini mwenye meza hatoi sadaka. Kabla mshindi hajavuta kapu lake, hukatwa fungu la nyumba, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10. Kasino nyingi huweka kikomo: fungu likifika kiasi fulani haliongezeki tena, hata kapu liwe kubwa namna gani. Nyingine hutoza kiti kwa saa.

Hesabu za asilimia nilijifunza ukimbizini, katika kambi ya Mtabila wilayani Kasulu, iliyofungwa mwaka 2012. Basi tuzitumie kwa mfano.

Tuseme watu sita wameketi, kila mmoja na faranga 20,000. Mezani kuna 120,000. Kapu la wastani ni 10,000, na nyumba inachukua asilimia 5, yaani faranga 500. Nani atalalamikia 500? Lakini kwa saa moja mgawaji hugawa karata kama mara 25. Hiyo ni 12,500. Baada ya saa nne zimeondoka 50,000. Zaidi ya theluthi moja ya fedha walizokuja nazo imetoka mezani, na hakuna aliyeibiwa.

Sasa tazama meza ya matajiri. Watu sita, kila mmoja na 400,000, jumla 2,400,000. Kapu la wastani ni 200,000. Asilimia 5 ingekuwa 10,000, lakini kikomo ni 3,000, kwa hiyo wanakatwa asilimia moja na nusu tu. Kwa saa nne nyumba imechukua 300,000, sehemu moja tu kati ya nane ya fedha zao.

Kwa maneno mengine, mnyonge anatozwa kwa uwiano mkubwa kuliko tajiri. Katika mfano wetu, mchezaji mdogo anayelingana kabisa kwa ujuzi na wenzake anapoteza zaidi ya faranga 2,000 kila saa. Ili arudi nyumbani na alichokuja nacho, hatoshi kuwa sawa na wenzake; lazima awazidi, tena kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana katika meza ndogo waweza kukuta wote sita wanalalamika kwamba wamepoteza. Mshindi ni meza.

Jambo hili halipo kwenye karata tu. Mwaka 2019 Kenya iliweka kodi ya asilimia 20 juu ya dau la kamari. Ikaondolewa mwaka 2020, ikarudi mwaka 2021 kwa asilimia 7.5, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 12.5. Kodi ya namna hiyo haingoji ushinde. Kila unapoweka dau inakatwa, na ukirudisha ulichoshinda mchezoni inakatwa tena. Anayezungusha fedha zilezile mara nyingi ndiye anayeumia zaidi.

Wafanyabiashara wa mpakani wanalijua hili bila kufundishwa. Anayevuka Gatumba kwenda Uvira na mzigo mdogo kila siku anajua kwamba nauli inakula faida yake kuliko ya mwenye mzigo mkubwa. Anayetuma fedha kwa simu kidogo kidogo analiona pia. Lakini muuza vitenge akishalipa nauli bado ana kitenge mkononi. Mcheza karata akishakatwa fungu, amenunua nini? Amenunua kiti.

Sisi tuliorejea mara nyingi hatuna shamba la kukimbilia wala dhamana ya kupeleka benki. Mtaji ukiisha, umeisha. Anayetaka kucheza kwa kujiburudisha, kabla hajaketi aulize mambo matatu: meza inakata asilimia ngapi, kikomo chake ni kiasi gani, na kwa saa zinagawiwa karata mara ngapi. Azidishe mwenyewe kwenye karatasi. Kisha atenge fedha za burudani, kama mtu anavyotenga za soda, na mtaji wa vitenge aubakize nyumbani.

Jirani yangu nilimwachia karatasi na kalamu. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu.