Aendaye India kusoma abebe nini?

Juma lililopita mwanafunzi wangu mmoja alibisha hodi ofisini mwangu akiwa amejaa bashasha. Alikuwa amepata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamili mjini Pune, magharibi mwa India, kwa muda wa miaka miwili. Nilipokwisha kumpa hongera alinitolea karatasi mbili zilizoandikwa pande zote. "Mwalimu," akasema, "wewe ulisoma huko. Nitazamie kama nimesahau kitu." Nikaanza kusoma: blanketi mbili, sufuria, pasi ya umeme, sabuni vipande kumi na viwili, unga wa mahindi kilo nane, majani ya chai, viatu jozi sita, kamusi kubwa tatu. Nilitaka kucheka lakini kicheko kilinikwama kooni. Orodha ile niliifahamu. Niliwahi kuiandika mimi mwenyewe mwaka wa 2009.

Mwaka huo nilikuwa naelekea Mysore, jiji la kusini mwa India ambalo tangu 2014 huitwa rasmi Mysuru, kufanya utafiti wa shahada ya uzamifu katika isimu. Ukoo mzima ulishiriki kunifungia mizigo. Kila aliyekuja kuniaga aliongeza kitu, nami sikuthubutu kukataa, kwani kuikataa zawadi ya shangazi ni kumkataa shangazi mwenyewe. Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa hakika waliojaza masanduku yangu hawakuuhisi uzito wake. Mizani ya uwanja wa ndege iliuhisi. Tikiti yangu iliniruhusu kilo 30. Masanduku yangu mawili yalikuwa na kilo 47. Nililipia kilo 17 za ziada kwa fedha ambazo baba alizipata kwa kuuza fahali, fedha zilizokusudiwa kunilisha mwezi wa kwanza ugenini.

Elimu yangu ya India ilianza kabla sijaliona darasa. Katika stesheni ya reli ya Mumbai, kuli mwenye shati jekundu alijitwika sanduku moja kichwani, akalishika la pili mkononi, akapotelea katika umati nami nikimkimbilia nyuma. Sisi wanaisimu tunajua kwamba Kiswahili kililipata neno kuli kutoka upande ule wa bahari, kama kilivyopata dobi, gari, bima, chapati na laki. Katika Kikannada, lugha ya Mysore, na pia katika Kitamil, kuli maana yake ni ujira. Siku hiyo nilijifunza maana hiyo kutoka mfukoni mwangu.

Baada ya majuma machache niliyafungua masanduku yale na kuona haya. Nilikuwa nimepeleka sabuni katika mji ambao jina lake limechapwa kwenye sabuni mashuhuri ya msandali, inayotengenezwa katika jimbo lile kwa zaidi ya miaka mia moja. Nilikuwa nimepeleka viatu, kumbe duka la Bata lilikuwa hatua chache kutoka langoni mwa bweni. Suti ya sufu niliivaa mara mbili. Kanuni za bweni zilikataza kupika vyumbani, hivyo unga wa mahindi ulikaa chini ya kitanda hadi wadudu wakaumaliza.

Jambo la kusikitisha zaidi ni lile nililolisahau. Katika harakati za kusukuma blanketi ndani ya sanduku, niliviacha nyumbani vyeti vyangu halisi vya shule na vya chuo, nikidhani nakala zingetosha. Afisa wa usajili alizitazama nakala zangu, akatikisa kichwa, akanirudishia. Bila vyeti hakuna usajili, na bila usajili posho ya ufadhili hailipwi. Baba alivituma kwa posta. Vilichukua majuma matatu kufika. Karatasi nne, zisizofikia uzito wa kipande kimoja cha ile sabuni, zilinitia njaa ambayo kilo 47 hazikuweza kuiondoa.

Aliyeniokoa ni mwanafunzi mwenzangu, mtoto wa wakulima wa viungani mwa Mysore. Aliponiona nakwepa kwenda mkahawani, alinichukua hadi kwao siku ya Jumapili. Mama yake alituwekea sahanini donge la rangi ya kahawia iliyokolea, mviringo, likifuka moshi, pamoja na mchuzi wa mboga. Nililimega kwa vidole, na machozi yakanilengalenga. Ulikuwa ugali wa wimbi! Ugali ule ule alioupika nyanya yangu kule Kisii. Wao huuita ragi mudde, na kwa wakulima wa sehemu zile ndicho chakula cha kumtia mtu nguvu ya kushika jembe.

Wataalamu wa mimea wanatueleza kwamba wimbi ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, ukavuka bahari maelfu ya miaka iliyopita hadi India, ukaota na kustawi huko. Hebu, mpenzi msomaji, izingatie punje ya wimbi. Ni ndogo kuliko kichwa cha pini. Msafiri huyo alikwenda mwepesi, akaukubali udongo alioukuta, akabadilishiwa hata jina. Leo ni mwenyeji. Nami niliyesafiri na kilo nane za unga wa mahindi nilikuwa bado mgeni mwenye njaa.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba uzito wa sanduku la msafiri hupima asivyomjua mwenyeji wake. Anayebeba sabuni, sufuria na unga kwenda katika nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja wanaooga, wanaopika na wanaokula, ana shaka iliyojificha: kwamba waendako hakuna watu wa kutosha kuitwa watu. Sisi Waafrika tumelalamika sana, tena kwa haki, juu ya wageni waliofika kwetu na makopo ya chakula na maji yao wenyewe. Je, tofauti yetu nao ni ipi?

Fauka ya hayo, sanduku lililojaa humnyima mwanafunzi mwalimu wake wa kwanza, yaani soko. Katiba ya India inatambua rasmi lugha 22 katika jedwali lake la nane, na ukiitazama noti ya rupia utakuta thamani yake imeandikwa kwa lugha 17. Darasani utafundishwa kwa Kiingereza na waweza kumaliza miaka miwili bila ya kusikia nyingine. Mimi neno langu la kwanza la Kikannada nililipata kwa sababu nilikosa ndoo ya kuogea. Neno hilo ni eshtu, yaani "kiasi gani?" Muuza ndoo alicheka matamshi yangu, akanisahihisha, akanipunguzia bei. Laiti ningaliibeba ndoo kutoka nyumbani!

Abebe nini basi? Kwanza, karatasi: vyeti halisi, barua ya chuo, barua ya ufadhili, picha ndogo za pasipoti, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, iliyodungwa angalau siku kumi kabla ya safari. Mtu atokaye Kenya bila ya cheti hicho huweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Mwenye viza inayozidi siku 180 hutakiwa kujiandikisha kwa idara ya wageni katika siku 14 tangu kuwasili, na huko pia wataomba karatasi. Hizi zikae katika mkoba wa mkononi, kamwe zisiingie sandukuni.

Pili, dawa anazotumia kila siku, pamoja na hati ya daktari. Tatu, nguo za pamba za siku nne au tano, sweta moja na vazi moja la heshima. Pune huwa na joto kali mwezi wa Aprili na Mei, mvua kuanzia Juni hadi Septemba, na usiku wa Desemba una baridi kama ya Nairobi mwezi wa Julai. Nne, adapta ndogo ya plagi, maana miguu ya plagi za huko ni ya mviringo na yetu ni bapa. Tano, leso moja. Leso ni shuka, ni taulo, ni pazia, ni mtandio. Tena ni kwao.

Mwanafunzi wangu aliyasikiliza haya yote, akachukua kalamu, akaanza kufuta. Alipofika kwenye blanketi mkono wake ulisita. "Hii amenunua nyanya," akasema kwa sauti ya chini. "Aliuza kuku zake. Nitamwambia nini?"

Hapo nilinyamaza, kwa kuwa swali hilo ndilo lililonishinda mwaka wa 2009. Mizigo yetu ni mizito kwa vile wazee wetu hawana njia nyingine ya kutusindikiza. Hawawezi kupanda ndege nasi, hivyo huipandisha blanketi. Hatimaye nilimwambia: mwombe nyanya ajifunike blanketi hiyo yeye mwenyewe, akutunzie joto lake hadi utakaporudi. Kisha mwambie kwamba kule Pune wimbi huuzwa sokoni, huitwa nachni, na watu huoka nao mikate. Akijua kwamba mjukuu wake anakwenda mahali ambako watu hula wimbi, atalala usingizi.

Walimu wenzangu, tunapowaandaa vijana wetu kwa safari hizi, tuwasaidie kutua mizigo kabla mizani haijawalazimisha. Waende na karatasi zao, adabu zao na masikio yao. Mengine watayakuta.