Siku za Kungoja Majibu ya Kipimo cha Tezi Dume

Mwanamume aliyepimwa tezi dume mjini Bukoba au wilayani Muleba hurejea nyumbani akiwa na tarehe ya kurudi hospitalini na mzigo wa wasiwasi. Katika siku hizo za kungoja, mtumiaji wa huduma za afya huwa rahisi kudanganywa. Wapo wanaouza mali kwa pupa, wapo wanaonunua dawa wasizozihitaji, na wapo ambao kwa hofu hawarudi kabisa kuchukua majibu. Ushauri wetu ni huu: siku za kungoja ni za kuuliza na kujiandaa. Si siku za kununua tiba ya ugonjwa ambao bado haujathibitishwa.

Kipimo kinasema nini

Tezi dume ni kiungo kidogo kilichopo chini ya kibofu, kinachouzunguka mrija wa mkojo. Hutengeneza protini iitwayo PSA, ambayo hupimwa katika damu. Kiwango cha protini hiyo kinaweza kupanda kwa sababu ya saratani. Kinaweza pia kupanda kwa sababu tezi imekua kutokana na umri, kwa maambukizi ya njia ya mkojo, kwa kuwekewa mpira wa mkojo hivi karibuni, au hata kwa tendo la ndoa lililofanyika siku moja au mbili kabla ya kipimo.

Huduma ya afya ya Uingereza huwaeleza wananchi wake kwamba takriban wanaume 3 kati ya 4 wenye PSA iliyopanda hawana saratani. Kwa hiyo, PSA iliyopanda ni sababu ya kuchunguza zaidi, si hukumu. Kwa upande mwingine, PSA ya kawaida peke yake haitoi uhakika kamili, na ndiyo maana daktari huongeza uchunguzi wa kidole, utrasaundi au kuchukua kinyama.

Kwa nini majibu ya kinyama huchukua muda

Wengi hudhani kwamba majibu yakichelewa, hospitali inaficha habari mbaya. Sivyo. Vinyama vilivyotolewa huhifadhiwa kwanza katika dawa ya fomalini ili visiharibike. Kisha huondolewa maji, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba mno na kutiwa rangi. Hapo ndipo mtaalamu wa patholojia huvitazama kwa hadubini. Kila hatua ina muda wake, na pengine mtaalamu huhitaji kutia rangi nyingine au kuomba maoni ya mwenzake. Ikiwa sampuli inapelekwa nje ya mkoa, kwa mfano katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando jijini Mwanza, muda wa safari nao huongezeka.

Kabla hujaondoka hospitalini, uliza na uandike majibu ya maswali haya:

1. Sampuli yangu inapelekwa wapi, na imesajiliwa kwa namba gani?
2. Majibu yanatarajiwa tarehe gani?
3. Nitapigiwa simu, au nije mwenyewe? Nikitoka Muleba, naweza kuulizia kwa simu kabla ya kulipa nauli?
4. Tarehe ikipita bila majibu, nimwone nani?

Mtu mwenye majibu ya maswali hayo hungojea tarehe inayojulikana. Asiye nayo hushtuka kila simu inapolia.

Je, kungoja kunaongeza hatari?

Saratani nyingi za tezi dume hukua polepole, kwa miaka. Zipo zinazokua kwa kasi, lakini kwa kawaida majuma machache ya kungoja majibu hayabadilishi matokeo ya tiba. Linalobadilisha matokeo ni kutorudi. Majuma machache yaliyopangwa na daktari hayalingani na miezi inayopotea kwa kukimbia majibu.

Hata hivyo, zipo dalili zisizongoja. Baada ya kuchukuliwa kinyama, damu kidogo katika mkojo au choo kwa siku chache ni jambo la kawaida, na rangi ya shahawa inaweza kubadilika kwa majuma kadhaa. Lakini ukipata homa na kutetemeka, ukitokwa na damu nyingi au mabonge, ukishindwa kukojoa, au miguu ikilegea na kufa ganzi, nenda katika kituo cha afya kilicho karibu siku hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku.

Kuishi na wasiwasi

Wasiwasi huonekana mwilini: usingizi hukatika, moyo huenda mbio, chakula hakipiti, hasira huja bila sababu. Huo si woga wala upungufu wa uanaume. Hauwezi kuondolewa wote, lakini unaweza kupunguzwa.

Endelea na kazi za kila siku kwa kadiri daktari alivyoruhusu. Anayepalilia kibanja chake au kufungua duka lake huipa akili mahali pengine pa kutulia. Chagua mtu mmoja wa kumweleza yote: mke, ndugu, mtoto mkubwa au kiongozi wa dini. Si lazima ukoo mzima ujue, lakini si vyema pia kubeba jambo hili peke yako. Mke asiyeelezwa huona mumewe hali na halali, na hofu yake huenda ikawa kubwa kuliko ukweli wenyewe.

Punguza kahawa jioni, ya kunywa na ya kutafuna, pamoja na rubisi na pombe kali. Vitu hivi huvuruga usingizi na kuongeza safari za kwenda kukojoa, na kila safari ya usiku hukumbusha ugonjwa. Usisome habari za saratani kwenye simu ukiwa kitandani. Andika swali lako, ulipeleke kwa daktari. Ukikosa usingizi kwa siku nyingi mfululizo, au ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, rudi kwa mtoa huduma bila kungoja tarehe ya majibu.

Tukumbuke pia kwamba mwezi Novemba 2014, Rais Jakaya Kikwete, akiwa madarakani, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume nchini Marekani, na Ikulu ikalitangazia taifa. Ikiwa jambo hilo liliweza kusemwa mbele ya nchi nzima, linaweza kusemwa mbele ya mke au ndugu.

Wauzaji wa matumaini

Anayengoja majibu ni mteja anayetafutwa. Dawa za "kumaliza tezi dume" hutangazwa stendi, ndani ya mabasi na kwenye simu. Mtilie shaka anayeahidi uponyaji kwa idadi maalumu ya siku, anayekukataza kurudi hospitalini, au anayetaka fedha zote kabla. Mganga wa tiba asili anapaswa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mwombe akuonyeshe cheti. Daima dai risiti.

Zingatia pia kwamba zipo dawa zinazoshusha kiwango cha PSA bila kuondoa saratani. Anayezitumia bila kumwambia daktari anaweza kufurahia namba ndogo huku ugonjwa ukiendelea. Lolote ulilokunywa, la kienyeji au la dukani, litaje.

Usiuze wala kuweka rehani kibanja au mifugo kabla ya majibu. Mpaka hapo hujui kama kuna tiba ya kulipia, wala gharama yake. Tumia muda huu kuuliza kama bima yako inagharimia huduma za rufaa, na kama hali yako ni ngumu, onana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Siku ya majibu

Nenda na yule mtu uliyemchagua, kwa maana aliyeshtuka husikia nusu ya maneno. Omba nakala ya majibu na uitunze. Ikiwa saratani haikuonekana, uliza ni lini upimwe tena. Ikiwa imeonekana, uliza imefikia hatua gani na njia za tiba ni zipi; saratani nyingine ndogo hufuatiliwa tu kwa vipimo bila tiba ya haraka. Ukipewa rufaa ya Bugando, au ya Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, usiondoke bila barua, tarehe na jina la kliniki unayokwenda.

Majibu ni mali yako. Yafuate kwa tarehe uliyopewa, na yakichelewa, yaulizie. Kuuliza ni haki yako.