Nusu Siku Baharini: Kwanza Muulize Mwezi

Juma lililopita nilipokuwa natoka studio kijana mmoja wa mapokezi alinisimamisha mlangoni. Yeye na wenzake wanane wamechanga fedha ili wakodi boti yao peke yao, waende kisiwa cha Mbudya Jumamosi asubuhi, waelee kifudifudi wakitazama samaki kwa miwani na mrija, wapige kafi wakiwa wamesimama juu ya ubao, kisha warudi nyumbani mchana. Alikuwa na swali moja tu. "Mama, boti siku hizi bei gani?"

Nami nikamjibu kwa swali. "Jumamosi hiyo mwezi utakuwa umefika wapi?"

Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania hata kidogo, na nitakueleza sababu. Mimi nimezaliwa Tabora, bahari nimeijua ukubwani, na somo la kwanza ililonipa nililipata kwa hofu.

Ilikuwa mwezi wa Julai, miaka kadhaa iliyopita. Dada yangu alikuja kutoka Dodoma pamoja na mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka kumi na minne, naye hakuwahi kuona maji makubwa kuliko bwawa. Tukakodi boti upande wa Kunduchi, sisi watu saba, kwa nusu siku. Jina la mwenye boti nitaliacha. Alituambia tufike saa tatu asubuhi. Tulipofika, bahari haikuwepo. Maji yalikuwa yamekwenda mbali, boti imelala upande juu ya mchanga kama ng'ombe mgonjwa, na akina mama wanaokota chaza mahali ambapo sisi tulitaraji kupita. Tukangoja. Tuliondoka karibu saa sita, mvuvi mmoja akitutazama huku akitikisa kichwa.

Alitikisa kichwa kwa nini? Kwa sababu usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu, duara kamili. Hili ndilo jambo ambalo mtu wa bara hafundishwi. Katika pwani yetu, mwezi unapoandama na unapopevuka, yaani siku za bamvua, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita tatu, kimo cha ukuta wa nyumba. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika kama hamsini. Baada ya juma moja hivi, mwezi ukiwa nusu, mambo huwa yamegeuka: maji hujaa karibu saa nne asubuhi, na tofauti yenyewe hupungua hadi kama mita moja tu. Hayo ndiyo maji mafu. Jina ni baya, lakini kwa mtu anayetaka kuelea na kutazama samaki ni maji mazuri kuliko yote. Mkondo huwa mdogo, mwamba hufunikwa vya kutosha, na maji safi kutoka nje ya bahari huwa yanaingia wakati wewe unavaa miwani.

Kwa hiyo mwenye kupanga nusu siku ya asubuhi, tuseme saa mbili hadi saa saba, na atafute Jumamosi iliyo karibu na mwezi nusu, au siku mbili tatu baada yake. Ziko mbili kila mwezi. Ukienda siku ya bamvua, asubuhi yote utakuta matumbawe yamechomoza, na wageni wanatembea juu yake kwa viatu kama wako sokoni. Tumbawe ni kundi la viumbe hai, na mengi huongezeka sentimita chache tu kwa mwaka. Unyayo mmoja huvunja kazi ya miaka.

Narudi kwenye safari yetu. Tulifika kisiwani saa sita na nusu. Mbudya, kwa asiyeijua, iko kilomita chache tu kutoka Kunduchi. Ina mibuyu, vibanda vya makuti na ufuko mweupe unaotazama bara. Pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ilitangazwa kuwa eneo tengefu la bahari mwaka 1975, na ndiyo maana mgeni hulipa ada ya hifadhi. (Uliza kama ada hiyo imo ndani ya bei ya boti, au utadaiwa ukiwa umeshalowa.) Tulishusha vikapu. Mwenye boti akashusha na ubao mmoja na kafi yake. Kisha akasema, "Nakuja sasa hivi," akawasha injini akaondoka. Alikuwa na abiria wengine wa kuwachukua. Sisi hatukuliona kosa. Tuliona tumefika, basi.

Ufuko ule wa magharibi ulikuwa umetulia kama maji ya beseni. Julai ni msimu wa kusi, upepo utokao kusini mashariki, nao huongezeka nguvu mchana. Ni upepo usio na mzaha. Meli ya Skagit, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar Julai 18, 2012, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali wa majira hayo hayo. Lakini sisi tulikuwa nyuma ya kisiwa, kwenye kivuli cha upepo, miti imetukinga. Hapo ndipo bahari inapodanganya watu. Karibu na mchanga huoni hata wimbi. Hatua mia moja mbele kivuli kinakwisha, na upepo unaokukuta huko unakusukuma kutoka kisiwani kwenda nje, si kukurudisha.

Mtoto wa dada alipanda ubao saa nane mchana. Hakuwa na koti la kuokolea maisha kwa sababu lililokuwepo lilikuwa la mtu mzima, likampwaya, akalivua. Ubao haukuwa na ile kamba ya kufungwa mguuni. Alianguka mara tatu, tukacheka. Mara ya nne akasimama, tukapiga makofi. Alipiga kafi vizuri mno. Tulipoacha kupiga makofi alikuwa amefika mbali, na kila akigeuza ubao atazame kwetu, upepo unamrudisha nyuma. Naye kwa kiburi cha ujana hakutaka kukaa. Baadaye nilielezwa kwamba mtu akisimama juu ya ubao mwili wake ni tanga. Yule mtoto alikuwa ametweka tanga lake mwenyewe kuelekea Ununio.

Dada yangu aliingia majini na nguo zake, nikamshika. Mimi nikatazama kushoto na kulia, natafuta boti tuliyoikodi kwa fedha zetu kwa nusu siku nzima. Haikuwepo. Simu yangu ilikuwa na namba ya mwenye boti, ikaita, ikaita. Tulipiga kelele mpaka watu wa vibandani wakatoka.

Waliomchukua ni wavuvi wawili wa ngarawa waliokuwa wanarudi na tanga lao. Walimkuta amelala kifudifudi juu ya ubao, ameukumbatia, kafi imekwenda. Walimrudisha baada ya muda ambao sikuupima kwa saa, lakini dada yangu hadi leo akisikia upepo wa kusi kwenye dirisha hunyamaza. Wavuvi walikataa fedha. Walichukua maji ya kunywa na chapati nne.

Tazama sasa kile ambacho mtoto yule alikifanya bila kufundishwa, maana ndicho kilichomponya: hakuuacha ubao. Ubao unaelea, na unaonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Ukizidiwa na upepo piga magoti. Ukizidiwa zaidi lala kifudifudi, piga maji kwa mikono miwili, uufanye mwili uwe mdogo mbele ya upepo. Na unapoanza, anza kwa kwenda dhidi ya upepo, ili uchovu ukikushika upepo ndio ukurudishe. Wanaoanza hufanya kinyume kwa sababu kwenda na upepo ni kutamu. Kamba ya mguuni na koti la kuokolea vivaliwe hata na anayejua kuogelea, na mchezo huo ufanywe mapema, kabla ya saa nne au saa tano, upepo wa mchana haujaamka. Watu wengi huuacha ubao uwe wa mwisho, baada ya chakula. Ni mpango wa kinyumenyume.

Mwaka uliofuata nilimtafuta nahodha mzee, mtu aliyezeekea kwenye maji yale, nikamweleza habari yote. Alisikiliza, kisha akauliza, "Mwanangu, wewe ulikodi boti au ulikodi nauli?" Nikamwomba anifafanulie. Akasema aliyelipa kupelekwa na kurudishwa amelipa nauli. Aliyekodi boti amelipa boti ikae naye, injini ikiwa tayari, na jicho la nahodha likiwa juu ya watu wake majini. Bei inaweza kulingana, ila vitu vyenyewe ni viwili tofauti.

Toka siku ile, swali langu la kwanza kwa mwenye boti halihusu fedha. Nauliza: boti itabaki nasi muda wote? Akisitasita, namuaga. Swali la pili ni makoti ya kuokolea, nami siulizi kama yapo, naomba yatolewe tuyahesabu na watoto wajaribishe yao pale pale ufukweni. La tatu ni cheti cha ukaguzi wa chombo kutoka TASAC, shirika linalosimamia vyombo vya majini, na idadi ya watu ambao chombo kinaruhusiwa kubeba. Kuna manahodha wanaokasirika ukiuliza hayo. Yule mzee alifurahi, akanionyesha na injini ya akiba. Baada ya hapo ndipo tunazungumza bei, na bei ni ya boti nzima: mafuta, ada, miwani, ubao, chakula, kila kimoja kitamkwe kama kimo au hakimo.

Miwani yenyewe usiichague kwa rangi. Ibandike usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua. Ikishika bila kuanguka, ni yako. Ikianguka, itavuja, na mtu anayeingiwa na maji puani huingiwa na hofu. Itemee mate ndani, uisuuze, haitafanya ukungu. Usicheke, hata wazamiaji wa kazi hufanya hivyo. Jifunze kupumua kwa mdomo kupitia mrija mahali ambapo maji yanakufika kiunoni na chini ni mchanga, ndipo usogee kwenye mwamba. Vaa fulana ya mikono mirefu. Jua hupiga mgongo wa mwenye kuelea bila yeye kuhisi. Nendeni wawili wawili. Miguu isiguse chini, kwa ajili ya matumbawe na kwa ajili yako pia, maana yule mnyama wa duara mwenye miiba mirefu myeusi hukaa humo humo kwenye nyufa.

Na ukitulia, utamsikia pono. Nasema utamsikia. Huguguna mwamba kwa mdomo wake mgumu, kruu, kruu, kama mtoto mwenye muwa. Anakula mimea midogo iliyoshika pale, anameza na jiwe, na jiwe hilo hulitoa nyuma likiwa mchanga. Sehemu ya ule ufuko mweupe tunaoutandikia mikeka imepitia tumboni mwa pono. Nilipomwambia hivyo yule mtoto wa dada, alikataa kukaa chini siku nzima.

Ndiyo, alirudi baharini. Ilikuwa mwezi wa Novemba, wakati wa matlai, kusi imekwisha na kaskazi haijashika, mwezi nusu. Usiku uliotangulia nilisikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo na mawimbi. Tuliondoka saa moja na nusu, tukaanza na ubao, tukaingia kwenye mwamba saa nne maji yakiwa yamejaa, tukala samaki wa kuchoma saa sita. Saa saba kasorobo nahodha alitazama juu ya miti, akasema, "Tufunge vikapu." Binti yangu alilalamika kwamba bado tuna robo saa tuliyoilipia. Mzee hakujibu. Tulipofika katikati ya mkondo ule upepo ulikuwa umeanza, na robo saa ile tulikuwa nayo mkononi.

Kwa kijana wetu wa mapokezi: nimeangalia kalenda. Jumamosi mliyoichagua imeangukia bamvua, maji yatakuwa yamekauka saa nne. Sogezeni kwa juma moja. Na ile namba ya mzee nimekuachia mapokezi, chini ya daftari la wageni.