Leza inavyopima uzi wa faiba unaokimbia, bila kuugusa

Msimu wa korosho ukianza, mkulima wa Newala anasubiri bei kwenye simu. Mnada wenyewe siku hizi unaendeshwa kielektroniki, kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Kutoka simu yako hadi mnara ni mawimbi ya redio, lakini mbele ya hapo data inasafiri zaidi kwenye faiba, yaani uzi wa kioo unaopitisha mwanga.

Huo uzi ni mwembamba kweli. Gawa milimita moja mara nane: kipande kimoja ndio unene wake, mikromita 125. Kiwango cha kimataifa kinaruhusu uzidi au upungue kwa mikromita 0.7 tu.

Mbona ukali wote huo? Mwanga unapita kwenye kiini cha katikati, chenye upana wa mikromita 9 hivi. Greda likikata waya barabara ya Masasi, fundi anaunga ncha mbili. Viini visipokutana sawasawa, mwanga unapotea hapo hapo.

Kiwandani, fimbo nene ya kioo inalainishwa kwa joto la kama sentigredi 2,000, kisha inavutwa kwenda chini kama asali. Mitambo ya kisasa inavuta zaidi ya mita 20 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya basi linalokimbia kilomita 72 kwa saa! Na hapo huwezi kuushika kwa kifaa, maana mkwaruzo mdogo tu kwenye kioo kitupu unakuwa mwanzo wa ufa.

Njia mojawapo ni kuupitishia leza ubavuni. Mwanga ukipishana na uzi unatawanyika na kutengeneza mistari, mweupe, mweusi, mweupe. Uzi ukiwa mwembamba, mistari inaachana, ukinenepa, inasogeleana. Kompyuta inaisoma mistari hiyo mfululizo na kurekebisha kasi: uzi umenenepa, vuta haraka, umekonda, punguza.

Unaweza kujaribu nyumbani kwa unywele na kitochi cha leza nyekundu. Pitisha mwanga kwenye unywele, mita 2 kutoka ukutani, gizani. Tuseme mistari meusi inayofuatana imeachana milimita 16. Zidisha 0.00065 (urefu wa wimbi la mwanga mwekundu, kwa milimita) kwa 2,000, gawa kwa 16. Unapata milimita 0.08, unene wa unywele wako. Ila usimulike macho ya mtu, wala ya kwako.