Maharagi ya pilipili: yachemke kwanza!



Huko Texas, Marekani, wanapenda sana nyama iliyopikwa polepole na pilipili nyekundu. Wanaiita chili con carne, maana yake kwa Kihispania ni «pilipili na nyama». Mwaka 1967 wapishi wawili walishindana kuipika huko Terlingua, kijiji kilichokuwa zamani cha wachimbaji wa zebaki. Waliamuliwa sare, na hata leo wapishi hukutana huko kushindana.

Katika mashindano hayo ni marufuku kutia maharagi. Lakini nyumbani kwetu, watoto ni wengi na nyama ni ya bei. Maharagi ndiyo yanayoongeza chakula. Basi tuyatie, lakini kwa akili.

Ujue hivi: maharagi mekundu mabichi yana sumu. Punje nne au tano zinatosha kumgonjesha mtu. Baada ya saa 1 mpaka 3 anatapika sana, halafu anaharisha. Moto mkali unaondoa sumu hiyo. Moto mdogo hauiondoi, hata unaweza kuiongeza. Kwa hiyo jihadhari na mbabula yenye makala machache: unaona mvuke, unafikiri yameiva, kumbe maji hayajachemka.

Fanya hivi:

1. Loweka nusu kilo ya maharagi usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale.

2. Tia maji mapya. Yachemke kwa nguvu dakika 30. Ndipo upunguze moto mpaka maharagi yawe laini.

3. Katika nyungu nyingine kaanga kilo moja ya nyama iliyokatwa vidogo. Ongeza vitunguu viwili, tomati tano, chumvi na pilipili kadiri mnavyoweza. Tia maji kidogo, funika, ungoje saa 2.

4. Changanya na maharagi, pika dakika 20 tena. Kula na bukari au mchele.

Mbabula ikae nje. Makala ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo inaua.

Ukimaliza kukata pilipili, nawa mikono kwa sabuni; maji matupu hayatoshi. Usiguse macho, usimshike mtoto mchanga. Na wewe baba uliyesaidia jikoni, nawa vizuri kabla ya kwenda kazini. Jicho linalowaka mbele ya mashine ni ajali inayongoja.

Chakula kilichobaki usikiache usiku kucha katika nyungu jikoni. Kama huna frigo, pika kinachotosha siku ile tu.

Na mtu akitapika baada ya kula, mpe maji kidogo kidogo, umpeleke dispansari upesi. Mwambie munganga alikula nini na saa ngapi.

Pilipili inaleta utamu. Usalama unaletwa na maji yanayochemka.