Je, Wajua? Bloki Ileile Hupandisha Pikapu, Hushusha Pikapu

Bloki ya chuma ambayo fundi wa Kitale huitia nyuma ya pikapu ili iinuke yaweza pia kuishusha. Bloki hukaa kati ya springi na ekseli, kwa hiyo tazama springi. Zikipita juu ya ekseli, bloki huinua bodi. Zikipita chini yake, bloki hiyohiyo huiteremsha: inchi 2 za bloki, inchi 2 za bodi.

Breki nazo hudanganyika! Pikapu nyingi zina vali ya breki iliyofungwa kwa kijiti hadi kwenye ekseli. Bodi ikishuka, vali huhisi kana kwamba kuna mzigo, ikazidishia breki za nyuma nguvu. Pikapu ikiwa tupu, lami ya kwenda Bungoma imelowa, matairi ya nyuma hukwama na gari likateleza. Kijiti hicho kirekebishwe kabla gari halijatoka gereji.

Mzigo nao huleta shida. Magunia 10 ya mahindi, ya kilo 90 kila moja, ni kilo 900. Pikapu iliyoshushwa ikiyabeba, ekseli hugonga chesisi kwenye kila shimo.

Wakati wa kuweka bloki, kumbuka kwamba breki ya mkono kwa kawaida hushika magurudumu ya nyuma tu. Nyuma ikiinuliwa, haizuii kitu. Kinga magurudumu ya mbele kwa mawe, weka stendi, usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Yubolti, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya. Bloki mbili zisipandanishwe kamwe.