Je, Wajua? Kimbunga Kikija, Chunga Maji

Je, wajua kwamba muuaji mkubwa wa kimbunga si upepo? Ni maji! Upepo hung'oa bati na kupata sifa zote, kumbe maji yameshaingia chumbani.

Sogea hapa. Januari 1966, kimbunga Denise kilimwaga milimita 1,825 za mvua pale Foc-Foc, kisiwani Réunion, ndani ya saa 24. Dar es Salaam hupata kama milimita 1,100 kwa mwaka mzima! Bado hujashangaa? Mwaka 2007 Gamede kilipiga kisiwa hichohicho, zikanyesha milimita 3,929 kwa siku 3. Ni karibu mita 4 hizo. Hebu pima ukuta wa nyumba yako.

Unajua Malawi haina bahari? Kimbunga Freddy hakikujali. Mwaka 2023 kilianzia karibu na Australia, kikavuka Bahari ya Hindi yote, kikapiga Msumbiji, kikarudi baharini, kisha kikapiga tena! Kiliishi zaidi ya wiki 5, na Malawi pekee kiliua watu zaidi ya 600.

Na kimbunga Idai, Machi 2019? Kilipopita Beira, Msumbiji, setilaiti zikapiga picha ya ziwa la mafuriko ambalo halimo kwenye ramani yoyote.

Usiseme ni mambo ya majirani. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliivamia Zanzibar, kikazamisha merikebu za Sultani Barghash na kulaza mikarafuu ya Unguja. Pemba ikanusurika, na tangu hapo karafuu nyingi hutoka huko! Kingine kikapiga Lindi tarehe 15 Aprili 1952. Miaka 80 kamili, siku ileile!

Mei 2024 ikawa zamu ya kimbunga Hidaya. Mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga.

Maji ya sentimita 15 tu, juu kidogo ya kifundo cha mguu, yakienda kasi humwangusha mtu mzima. Sentimita 60 hubeba magari mengi. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani nzima, sasa wewe na bodaboda yako mnapita wapi?

Upepo ukikatika ghafla na anga kutulia, usitoke! Huenda uko ndani ya jicho la kimbunga. Likishapita, upepo hurudi kwa nguvu ukitokea upande wa pili.

Hii nayo sikia. Novemba 1970, kimbunga cha Bhola kilisukuma bahari usiku hadi vijijini katika nchi ambayo leo ni Bangladesh, kikaua watu wasiopungua 300,000. Mwaka 2020, kabla ya kimbunga Amphan, Bangladesh ilihamisha zaidi ya watu milioni 2. Waliokufa nchini humo hawakufika 50! Siri? Watu waliondoka mapema.

Wewe je, begi lako liko tayari? Vyeti kwenye nailoni, simu yenye chaji, redio ya betri, tochi, dawa. Maji yakikaribia, zima umeme kwenye meni swichi ungali umesimama pakavu, kisha panda penye mwinuko. Ukirudi, chemsha kila tone la kunywa, maana vyoo navyo vilifurika, na kung'uta viatu kabla ya kuvaa: nyoka naye alikuwa anakimbia mafuriko!